Tope la Simiyu linaanzia mlimani, si darajani

Mhariri,

Kila Mto Simiyu unapofurika, macho yote huelekea Magu: kwenye daraja la barabara ya Mwanza–Musoma, kwenye majaruba yaliyofukiwa na mchanga, na kwenye maji ya Ghuba ya Speke, Ziwa Victoria, yaliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Wito huwa uleule: wanaolima kandokando ya mto waondolewe na mchanga uzolewe.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na isimamiwe bila kuoneana haya. Lakini tupige hesabu. Mita 60 kila upande, kwa kila kilomita ya mto, ni hekta 12. Tuupe mto urefu wa kilomita 200: tunapata hekta 2,400. Bonde zima linalomwaga maji humo, pamoja na la Mto Duma, lina karibu kilomita za mraba 11,000, yaani hekta 1,100,000. Kwa hiyo tunagombania ukanda mwembamba kabisa, huku tope likishuka kutoka mashamba na machungio ya Meatu, Itilima, Bariadi na Maswa.

Huko juu mkulima wa Kisukuma anazijua ardhi zake kwa majina. Kwenye miinuko, chini kidogo ya vilima vya mawe, kuna luseni, kichanga chepesi kinachonywa maji haraka lakini hakina kinachokishikilia kikiachwa bila majani. Chini yake ni itogolo, kisha ibambasi iliyo ngumu na yenye magadi, na bondeni kabisa ni mbuga nyeusi. Mbuga ikikauka hupasuka nyufa, hivyo mvua za mwanzo humezwa. Ikishalowa huvimba, nyufa zikajifunga, na kuanzia hapo karibu kila tone hutiririka juu kwa juu. Mvua ya milimita 40 kwenye hekta moja ni lita 400,000. Nusu yake tu ikikimbia, hizo ni lita 200,000 zinazotafuta njia ya kushukia.

Njia hiyo mara nyingi tumeitengeneza wenyewe. Ng'ombe wakishuka kunywa maji kwa mstari mmoja ulionyooka, kwato hukanyaga udongo hadi ukaota mfereji, na baada ya misimu michache palio, yaani njia hiyo ya ng'ombe, linakuwa korongo. Plau inayopanda na kushuka mlima hufanya kazi ileile, ila polepole zaidi.

Korongo huzibwa kuanzia kichwani kwenda chini. Wengi huanzia chini, kwa kuwa ndiko linakotisha, na mvua moja kubwa ya juu hubomoa kila kitu. Kwanza yageuze maji kabla hayajaingia, kwa tuta la kinga linalofuata kontua, yaani mstari wa ardhi yenye usawa mmoja. Kontua hupimwa kwa fremu A: miti miwili ya mita 2, kipande cha kuifunga katikati, na kamba yenye jiwe inayoning'inia kutoka kileleni. Simamisha fremu, weka alama pale kamba inapogusa kipande cha katikati, badilishana miguu mahali palepale, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa ulipo. Pimeni asubuhi, maana upepo wa mchana huyumbisha kamba.

Kisha vijengwe vizuizi vya mawe. Kimo cha nusu mita kinatosha. Chimba msingi wa sentimita 30, na ingiza mawe nusu mita ndani ya kila ukuta wa korongo. Katikati pawe chini kuliko pembeni kwa sentimita 20 hivi, maji yapite hapo. Vizuizi vingi hufa kwa kosa hili: vikiwa sawa kote, maji huzunguka pembeni, hula ukuta na kupanua korongo. Upande wa chini panga mawe bapa urefu wa mita moja, maji yanayoanguka yasichimbe msingi. Kwenye mteremko wa mita 5 kwa kila mita 100, vizuizi vya kimo hicho vipishane mita 10, ili kichwa cha kile cha chini kilingane na mguu wa kile cha juu. Pasipo mawe, mistari miwili ya mkonge iliyopishanishwa husaidia kwenye makorongo madogo.

Onyo moja: kwenye ibambasi msichimbe mitaro. Udongo ule huyeyuka ukilowa, maji hutoboa mashimo chini kwa chini na ardhi ikadidimia. Hapo dawa ni ngitili, yaani malisho yaliyotengwa: pafungwe, majani yarudi. Palio nalo lisogezwe lishuke kwa mshazari, na lipewe vijitaro vya kutoa maji kwenye majani kila mita 20.

Naelewa kwa nini wazee wengine hukunja uso wakisikia habari za matuta. Miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni iliyalazimisha Usukumani, na kazi nzuri ikapata jina baya. Safari hii wanakijiji wapange wenyewe, korongo gani lianze na nani atoe mawe.

Ombi langu kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria na halmashauri za mikoa ya Simiyu na Mwanza ni kwamba sehemu ya fedha za kuzoa mchanga ipelekwe juu, kwenye majembe, mikokoteni ya mawe na miche. Kazi ya mawe ifanyike Juni hadi Septemba, ardhi ikiwa kavu. Mkonge na majani vipandwe vuli ikianza. Baada ya kila mvua kubwa mtu apite akakague vizuizi, kwani jiwe moja lililong'oka hurudishwa kwa dakika chache, na likiachwa wiki mbili kizuizi chote huondoka.

Mdau wa mazingira,
Magu, Mwanza