Salamu za Songkran: Maji ya Asumini kwa Phra Singh

Ndugu, jamaa na marafiki, mlio karibu nami hapa Chiang Mai na mlio mbali: heri ya Songkran, heri ya mwaka mpya wa Kithai. Sawatdi pi mai!

Kesho ni tarehe 13 Aprili, na mpaka tarehe 15 Thailand nzima itakuwa imelowa. Nyumbani wengi mmeona picha za vijana wakirushiana maji barabarani, mkadhani sikukuu ndiyo hiyo. Mimi naingojea saa ile Phra Singh, sanamu ya Buddha ya hapa Chiang Mai, anapotolewa hekaluni, akapitishwa mjini juu ya gari lililopambwa, na watu wakammiminia maji ya manukato.

Masimulizi ya kale yanasema sanamu hii ya Buddha ilisubiwa Sri Lanka. Wafalme wa huko walitaka mfano wake halisi, lakini hakuna binadamu aliyebaki aliyewahi kumwona. Akatokea naga, joka aliyeishi tangu enzi za Buddha, akajigeuza sura ya Buddha mbele yao, na mafundi wakaifuata sura hiyo. Baadaye ikiletwa Siam, ndiyo Thailand ya leo, chombo kilivunjika mwambani. Sanamu ikaelea juu ya ubao mpaka Nakhon Si Thammarat, mji wa kusini mwa Thailand.

Sasa sikilizeni. Sanamu zinazosemwa kuwa ndiyo hiyo ni tatu: moja iko Nakhon Si Thammarat, moja Bangkok ndani ya Makumbusho ya Taifa, na hii yetu. Hata hazifanani. Ya Bangkok imepakata mikono yote miwili mapajani. Yetu imeshusha mkono wa kulia kuelekea ardhini. Wajuzi wa sanaa wanaona zote tatu zina mkono wa mafundi wa huku huku. Tena ya Chiang Mai iliibiwa kichwa mwaka 1922, ikawekewa kingine.

Jambo hilo lilinisumbua sana mwaka wangu wa kwanza hapa. Nilisimama njiani na bakuli mkononi, najiuliza namwagia ipi. Kando yangu bibi mmoja alimimina maji yake taratibu, akafumba macho, midomo ikimcheza kwa dua. Nikaona haya kwa swali langu, nikamimina. Tangu siku hiyo sijauliza tena. Sisi wa pwani tunaojua kuoga mwaka baharini, maji ya namna hii hatuhitaji kufafanuliwa.

Watu pia hubeba mchanga kwenda hekaluni, kuurudisha ule ambao nyayo zao zimeondoka nao mwaka mzima. Na vijana huenda kwa wazee, huwamiminia maji viganjani, huwaomba radhi; wazee huwarudishia baraka. Hapo ndipo moyo wangu hulainika kabisa, maana wazee wangu mimi wako ng'ambo ya bahari.

Basi shikamooni, wazazi wangu. Kunjueni viganja huko mliko. Kwa simu nilizoacha bila kupokea, kwa msiba ambao sikuwahi kufika, kwa neno kali nililolitoa nikiwa nimechoka, naomba mniwie radhi. Nanyi wadogo zangu, mliyonikosea nimeyasamehe yote.

Bakuli nimeshalijaza, asumini zinaelea juu. Kesho Phra Singh akipita, nitamimina mara mbili: yangu, na yenu.