Alama ya kamera si ushahidi wa uadui

Mhariri,

Naandika kuhusu kamera za droni zinazotambua na kuandama zenyewe kila kinachosogea, zinazozidi kutumika katika shughuli za kijeshi duniani. Sisi wa bonde la Mto Ruvuma hatupingi ulinzi. Mwaka 2020 kijiji cha Kitaya, hapa mpakani na Msumbiji, kilivamiwa, na hofu ile haijatutoka.

Lakini mashine isiachiwe kuamua nani ni adui. Programu hizi hulinganisha picha moja na inayofuata, zikaweka alama kwenye kilichohama. Zinajua kimesogea, hazijui kwa nini. Mtu akiingia chini ya mikorosho, hupotea. Akitokeza mwingine upande wa pili, alama yaweza kumdandia huyo. Na huku kwetu nani asiyesogea? Wavuvi wako mitumbwini usiku, na Wamakonde wana ndugu ng'ambo ya pili, Msumbiji (msiba nao hausubiri mhuri wa uhamiaji).

Kama teknolojia hii itatumika mpakani, Kamati ya Bunge inayosimamia ulinzi idai kanuni: askari anayeyajua mazingira athibitishe kila alama kabla ya hatua yoyote, na serikali za vijiji ziorodheshe mapema vivuko na maeneo ya uvuvi.

Msomaji wako,
Tandahimba, Mtwara