Neno lililonitoa jasho

Kabwe, Mbeya

Mwalimu, ndugu yangu,

Kamwene! Huku baridi ya mwezi wa sita imetushika kweli, nafanya kazi na kofia ya sufu kichwani. Najua Iringa nako mnaota moto. Nakuandikia kwa sababu wewe ndiye mtu wa Kiingereza kati yetu, na mimi Kiingereza kimeniaibisha mtaani.

Kibanda changu unakijua. Miaka yote hii ya uwakala, "withdraw" kwangu ina maana moja tu: kutoa. Mteja anaingiza namba ya wakala, anaandika kiasi, meseji ikiingia namhesabia noti zake, basi. Wiki iliyopita akaja mama mmoja jirani na ripoti ya bintiye wa darasa la tatu, anasoma shule ya mchepuo wa Kiingereza. "Kaka, hebu nisomee." Nikasoma maksi, nzuri tu. Chini, kwenye maoni ya mwalimu wa darasa, kumeandikwa "She is withdrawn". Nikamwambia bila hata kufikiri: "Mama, mtoto ametolewa."

Akashika kichwa. Anadaiwa ada ya muhula, kwa hiyo hata sababu hakuuliza. Akafunika nyanya zake gengeni, akapanda bajaji hadi shuleni, na nasikia aliyoyasema huko yaliwafanya watoto wachungulie madirishani. Kumbe mwalimu hakumfukuza mtu. Alikuwa anasema mtoto hachangamki, wakati wa mapumziko anakaa peke yake ukutani.

Jioni nikaenda kwa yule mama kufuta kauli. Usiku nikashika kamusi, nikacheka peke yangu: hata huko kufuta kauli, kama wabunge wanavyoamriwa na Spika, Waingereza wanakuita kwa neno hilohilo! Jeshi likirudi nyuma, hilo. Mgombea akijitoa, mlalamikaji akiondoa kesi, hilo. Hata jasho na mitetemeko ya mlevi aliyeacha pombe ghafla, jina lake limezaliwa na kitenzi hicho. "Draw" ni kuvuta, sawa. Ila "with", ambayo shuleni tuliimeza kama "pamoja na", zamani ilikuwa na maana ya kupinga au kurudisha nyuma, na imebaki hivyo kwenye "withhold" na "withstand". Basi ni kuvuta kurudi nyuma, iwe pesa, askari, maneno au nafsi yako mwenyewe.

Hapo nikakukumbuka wewe na Mkwawa wako. Wajerumani walipoivunja ngome ya Kalenga mwaka 1894, Mwingereza atasema Mkwawa "withdrew", ataendelea na hadithi. Kwa Kiswahili utasemaje? Nikisema alikimbia, ninyi Wahehe mtanikunja shati, na mna haki, maana mtu aliyewasumbua Wajerumani kutoka msituni hadi 1898 hakukimbia. "Alirudi nyuma" nako kunanuka kushindwa. Mimi ningesema aliingia msituni, nikaishia hapo. Neno lao halikuulizi uko upande gani. Ya kwetu yanakuuliza kabla hujamaliza sentensi.

Usidhani nawasema Waingereza. Jumapili mchungaji akisema "tutoe", mkono unaingia mfukoni na pesa inaondoka. Jumatatu mteja dirishani anasema "natoa elfu ishirini", na ndiye anayepokea! Tunatoa jino, tunatoa salamu, na mtoto darasani anatoa saba kwenye kumi. Halafu kuna hili lililoninyima usingizi: mtu akijitoa kikundini, keshaondoka huyo. Mwongezee silabi moja tu, akijitolea, ndiye wa kwanza kushika jembe. Mzungu anayejifunza lugha yetu sijui hapo anapitaje.

Sasa swali langu. Huyu mtoto tumwiteje? "Mkimya" haitoshi, wapo wakimya wanaoruka kamba na wenzao siku nzima. "Amejitenga" ni kama tunamlaumu. Bibi yake wa Tukuyu alisema mtoto kajikunyata, kama kifaranga kilichonyeshewa, na naona amemshinda mwalimu, kamusi na mimi. Kama unalo lililo bora niandikie.

Mama amenisamehe, ingawa ripoti sasa anampelekea mwalimu wa kwaya. Mtoto mwenyewe alikuja juzi kununua vocha ya mia tano. Akaweka sarafu dirishani, akanyoosha kidole, akasimama. Nikamuuliza habari za shule. Akaivuta kofia yake ya sufu mpaka ikafunika macho, akabaki amesimama vilevile, haondoki.

Wasalimie wote nyumbani. Ndizi za Tukuyu nitazituma kwa basi Ijumaa, ziwahi kabla hazijaiva.

Wako,
Ambakisye