Rehema, hukuacha kazi

Mpendwa shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi, na pole sana. Msimamizi amekuambia getini "nenda nyumbani, tutakuita", sasa afisa utumishi anadai umeacha kazi mwenyewe. Usikae kungoja simu hiyo.

Hapa Tanzania, kutoonekana kazini zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa ni utoro, na ukimya wako ndio wataufanya ushahidi. Mwandikie mwajiri barua leo: "Tarehe fulani, saa 1:30 asubuhi, nilifika kazini nikazuiwa na fulani. Sijaacha kazi. Niko tayari kuendelea. Naomba maelekezo kwa maandishi." Peleka nakala 2, yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Wakikataa, itume posta kwa rejista, risiti utunze. Meseji zote ziache kwenye simu, hata zile za hasira. Na jina la mlinzi wa zamu liandike kabla hujalisahau.

Wakikuletea karatasi ya "kuacha kazi kwa hiari" ili eti ulipwe haraka, usitie saini! Kisheria, anayeacha mwenyewe hadai kiinua mgongo, yaani mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Kwa miaka yako 6 ni siku 42.

Wasipokurudisha, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), inayoshughulikia migogoro ya kazi, ndani ya siku 30 tangu ulipoachishwa. Unajaza fomu CMA F1 ya kupeleka mgogoro, unampa mwajiri nakala, unabaki na uthibitisho kwamba kapokea. Tarehe ya kuachishwa utakayojaza kwenye fomu ifanane na tarehe ya kuzuiwa uliyoitaja kwenye barua yako. Wengi hukwama hapo. Ukichelewa, utahitaji CMA F2, fomu ya kuomba upokelewe nje ya muda, na kiapo cha kueleza ucheleweshaji.

Dai kwamba uliachishwa. Usiandike kwamba ulilazimika kuacha kwa manyanyaso. Hilo ni dai jingine, nalo linaanza kwa kukiri kwamba uliacha.

Wewe utaonyesha kwanza kwamba uliondolewa. Ukishaonyesha, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba alikuachisha kwa haki. Hapo uliza: kama nilitoroka, barua ya kuniita iko wapi? Kikao cha nidhamu kilikaa lini? Utoro ni kosa la nidhamu, haukatishi mkataba wenyewe.

Nipigie picha hiyo barua kabla hujaipeleka, tuipitie pamoja.

Wako,
Mwanahamisi