Kwa Mwanaisha, kuhusu Salim na vitabu vyake

Malindi

Shoga yangu Mwanaisha,

Assalamu alaikum. Barua yako imenifika. Wasema mwanao Salim, sasa yuko Gredi ya 3, akisoma kwa sauti ni kama maji, lakini hashiki kitabu mpaka aamrishwe.

Usidanganywe na sauti, shoga. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Mtoto akishazijua silabi, hata zile za ng', dh na gh, aweza kumaliza ukurasa bila kukwama na asijue kilichosemwa. Asiyeelewa haoni raha, na asiyeona raha harudi kitabuni. Basi mjaribu hivi: afungue ukurasa wa katikati, asome kimya, na kila akutanapo na neno asilojua maana yake akunje kidole. Maana, si matamshi. Vidole viwili au vitatu, kitabu chamfaa. Vikifika vitano, kiwekeni kando au msomee wewe. Ukurasa wenye maneno machache, hata vitatu ni vingi. Kwa kitabu cha Kiingereza mhesabie na maneno yanayomshinda kutamka, kwa sababu huko herufi hazimwongozi kama kwetu.

Maneno marefu humchosha. Akifika kwenye "walipomkimbilia", funika mwanzo kwa kidole abaki na "kimbilia". Akishalijua hilo, fungua "wa", "li", "po", "m", kimoja kimoja, akuambie kila kimoja kimeongeza nini. Mkifanya hivyo na maneno mawili kwa jioni yatosha; zaidi ya hapo hadithi inakatikakatika.

Akikosea, usimrukie. Nyamaza mpaka amalize sentensi, maana mara nyingi hujirudi mwenyewe. Akipitiliza na maana imeharibika, mwambie tu, "Hebu rudia hapo." Na kwa kuwa nyumbani mwasema Kiamu, Kiswahili cha Lamu, akiona "macho" akasoma "mato", au "moja" akasoma "moya", mwache aende. Ameelewa. Ukimkatiza hapo utamfanya aogope kusoma mbele yako, na hilo ni baya kuliko kosa lenyewe.

Wakati mzuri ni baina ya Magharibi na Isha, akishatoka chuo cha Kurani. Dakika 15 kila siku zafaa kuliko saa nzima ya Jumapili. Wewe nawe kaa na chako cha kusoma, simu iwe chumba kingine. Akisoma kimya midomo ikicheza, usimkataze; itatulia yenyewe.

Kitabu achague yeye: katuni, habari za mpira gazetini, mambo ya kasa na papa, chochote. Kukirudia kile kile mara ya nne si uvivu, ndipo usomaji unapokuwa mwepesi na akili ikapata nafasi ya kufuata kisa. Lakini usimlipe pesa wala peremende kwa kurasa. Atachagua vitabu vifupi, na malipo yakikoma naye atakoma. Akimaliza, usimfanyie mtihani. Swali moja, "Wewe ungefanyaje pale?", au amsimulie mdogo wake.

Vitabu viweke mkono wake unapofika. Vile vidaka vya ukutani, vya chini, vyafaa sana: vitabu vitano au sita tu, majalada yatazame mbele, ubadilishe kila wiki mbili. Usivifungie sandukuni, unyevu wa huko utavitia ukungu na kurasa zitanatana. Vikipungua, tovuti ya African Storybook ina hadithi za Kiswahili za bure, zimepangwa kuanzia za maneno machache hadi za aya ndefu, na yaruhusiwa kuzichapisha. Kunja karatasi katikati, shona kwa uzi, umpatie. Na siku ya mapumziko mpeleke maktaba iliyo katika Ngome ya Lamu, aone watu wazima wakisoma kwa utulivu.

Jambo moja nakuomba usilicheleweshe. Akisogeza kitabu karibu sana na uso, akiruka mistari, au akilalamika kichwa kila akisoma, mpeleke akapimwe macho kabla hujamwita mvivu. Mwalimu wake naye muulize kama Salim anaona vizuri ubaoni.

Nisalimie mama na watoto wote. Uniandikie Salim amechagua kitabu gani.

Wasalaam,
Shoga yako Zuhura