Shukrani kwa mama wa kwenye basi la Njombe

Mama, jina lako sikuuliza. Ulipanda Makambako na ndoo ya viazi, ukakaa karibu yangu. Mwanangu alikuwa na wiki tatu. Kila nikimnyonyesha maziwa yanatokea puani, anapaliwa, analia njaa. Nilikuwa nimemfunika kwa aibu, maana nyumbani walishasema ni laana.

Wewe ulimfunua. Ukamtazama mdomoni, ukasema, "Mwanangu, hii si laana. Kaakaa halikuungana akiwa tumboni, miezi ile ya mwanzo. Linashonwa." Tukipita Chimala ulikuwa unanifundisha: nikamue maziwa, nimkalishe wima, nimnyweshe kwa kijiko kidogo kidogo, nimcheulishe mara kwa mara. Usiku ule alilala ameshiba. Sitausahau usingizi ule.

Kliniki tukawa tunapima uzito, tukisubiri apate nguvu. Alipotimiza mwaka alipasuliwa. Madaktari walisogeza nyama za kaakaa lake mwenyewe kutoka pande zote mbili, wakaunganisha misuli pia, wakashona katikati. Kwa muda alikula uji mwepesi tu, nami nikimlinda asitie vidole mdomoni. Kazi hiyo, jamani, ilinitoa jasho kuliko kusubiri nje ya chumba cha upasuaji!

Bado tuna mazoezi ya kutamka. Lakini jana amesema "baba", na ile b ikasikika wazi, haikupotelea puani. Baba yake alilia.

Uliposhuka Uyole uliniaga kwa Kinyakyusa. Nami nakujibu leo, mama: ndaga fijo, asante sana.