Kwa mwenzangu wa Walungu, kabla ya kugawa dawa

Bukavu, Kadutu

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa mama watoto. Nimefurahi sana kusikia kijiji kimekubali kuwa na watu wake wa kutibu mifugo. Umeuliza uanze na dawa gani. Mimi ningeanza na mizani.

Kinachoharibu kazi hii mara nyingi ni kipimo kidogo. Mtu anamtazama mbuzi, anakisia kilo 15 kumbe ana 25, anampa dawa ya minyoo isiyotosha. Minyoo dhaifu inakufa, ile sugu inabaki na kuzaana, mpaka siku moja dawa haifanyi kitu tena. Tena mbuzi huimaliza dawa mwilini upesi kuliko kondoo, hivyo kipimo cha kondoo kilichoandikwa kwenye chupa hakimtoshi. Albendazoli ya maji ya asilimia 2.5, mpe mbuzi mililita 4 kwa kila kilo 10; wa kilo 20 anapata 8. Aliyepandwa hajatimiza mwezi asipewe, maana inaweza kuharibu mimba.

Basi siku ya kwanza pimeni mbuzi kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza makala, na kila mmoja mumzungushie utepe wa fundi cherehani kifuani, nyuma ya miguu ya mbele. Andikeni sentimita na kilo pamoja. Jedwali hilo litawafaa kuliko la vitabuni, kwa sababu mbuzi wetu ni wadogo.

Kwenye kunywesha ndiko mbuzi wazima wanakouawa. Pua isipite usawa wa macho. Seringi isiyo na sindano iingie kwenye pembe ya mdomo, juu ya ulimi, dawa itoke polepole huku anameza. Kichwa kikiinuliwa sana dawa inaingia mapafuni, mbuzi anakufa siku chache baadaye, na mwenyewe anasema ameuziwa sumu. Wafundishe pia kufunua kope ya chini: ndani kukiwa kwekundu, mwacheni, kukiwa kweupe, amepungukiwa damu, na mara nyingi ni minyoo.

Kuku ndio watakaowapatia imani ya wamama, basi chanjo ya kideri isichelewe. Ile ya I-2 inavumilia joto kuliko nyingine, ila bado ifungwe kwa kitambaa chenye maji na isipigwe na jua. Tone moja jichoni, ngoja kuku apepese, kisha mwachilie. Kijiji kizima siku moja, mrudie kila miezi 4. Kosa kubwa ni kuchanja wakati kuku wameshaanza kufa: wenye ugonjwa tayari watakufa tu, chanjo italaumiwa, na safari ijayo milango itafungwa. Chanjo ya sotoka ya mbuzi ni jambo jingine. Inataka barafu, na ikishachanganywa itumike upesi. Hiyo waachie wataalamu wa serikali, watu wako wawakusanye mbuzi na kuwashika.

Wajue pia mahali pa kusimama, na hapa nakuomba usilegeze. Mnyama aliyekufa ghafla, damu isiyoganda ikimtoka puani au mkunduni, asipasuliwe wala kuliwa: huenda ni kimeta, na ukimfungua unasambaza mbegu za ugonjwa zinazodumu udongoni miaka mingi. Wamfukie chini sana, wamwite vetereneri. Nguruwe wakifa kwa mfululizo wenye homa kali na madoa mekundu masikioni, anayeuza sindano anawaibia watu. Homa ya nguruwe ya Afrika haina dawa. Wafungeni waliobaki, nyama isitoke kijijini. Ng'ombe mwenye tezi iliyovimba chini ya sikio na homa inayopita 40 apelekewe vetereneri siku hiyohiyo, maana huenda ni ndigana, ugonjwa wa kupe, na dawa yake inasaidia ikiwahi.

Wa kufundisha, chagua wanaofuga wenyewe na wasio na mpango wa kwenda machimboni. Mama anayejua kusoma namba anatosha. Bei ya kila tiba ipangwe mbele ya shefu kabla ya mafunzo: sehemu ya kununua dawa nyingine, sehemu ya jasho lake. Dawa ya bure ikiisha, na kazi imeisha.

Niandikie idadi ya mbuzi, kuku na nguruwe, nyumba kwa nyumba, kabla hujanunua chochote; nitakupigia hesabu ya chupa.

Mwenzako wa Kadutu